Magari ya Kale Yasiachwe Yafe kwa Masika

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Machi, watu wa Unguja na Pemba hujitayarisha kwa masika. Mkulima husafisha konde lake na kutafuta mbegu. Mwenye nyumba ya makuti hupanda juu ya paa, akaondoa makuti yaliyochakaa na kutia mapya. Mwenye mashua huipandisha pwani, akaikalafati na kuipaka deheni ili maji yasipenye ubaoni. Hakuna anayengoja kuandikiwa waraka ili ayafanye hayo. Ni elimu tuliyorithi kwa wazee wetu, nayo ndiyo iliyozihifadhi nyumba zetu na vyombo vyetu kizazi baada ya kizazi.

Iko, hata hivyo, mali moja ambayo mvua huikuta kila mwaka haikutayarishwa kwa lolote. Nayo ni magari ya kale. Mengine huachwa uwanjani, chini ya mwembe, yamefunikwa turubai la nailoni. Mengine huendeshwa katikati ya madimbwi kana kwamba yametoka kiwandani jana. Mvua zinapokatika mwishoni mwa mwezi wa Mei, mwenye gari hukuta sakafu imetoboka, breki zimekwama na nyaya zimeliwa na panya. Naye husema, kwa masikitiko, kwamba gari limezeeka.

Sisi hatukubaliani na kauli hiyo. Magari mengi ya kale visiwani humu yanauawa na miezi mitatu ya kila mwaka, si na wingi wa miaka yao. Tunaamini kwamba wenye magari hayo wanaweza kuyaokoa kwa juhudi isiyokuwa kubwa, na kwamba serikali yaweza kuwasaidia kwa kuweka utaratibu mwema, pasipo kutumia fedha nyingi za umma.

Kwanza tueleze ni magari gani tunayoyasema. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, hulihesabu gari kuwa la kale likiwa limetimiza miaka 30 au zaidi, limehifadhiwa katika hali yake ya asili, na halitumiki tena kwa safari za kila siku. Kwa wakaazi wa visiwa hivi maelezo hayo yanaleta akilini Morris Minor na Austin za waalimu na makarani wa zamani, Peugeot 404, Volkswagen yenye umbo la kobe, Land Rover za mwanzo, na pikipiki za Vespa ambazo hata leo hazijaisha mitaani. Kwetu sisi hatuna budi kuongeza magari ya mbao, yale malori ambayo mafundi wetu waliyajengea bodi kwa mikono yao ili yachukue abiria na mizigo kutoka shamba kwenda mjini. Hayo nayo ni ya kale, hata kama baadhi yake bado yanafanya kazi.

Adui wa magari haya ni kutu, na anayetaka kupigana na adui hana budi kumjua. Kutu huzaliwa pale chuma kinapokutana na maji na hewa. Chumvi huiharakisha kazi hiyo kwa njia mbili. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi kuliko maji matamu, na kutu kwa hakika ni mwendo wa umeme mdogo juu ya uso wa chuma. Pili, chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo chuma chenye chumvi hubaki kimelowa hata siku isiyokuwa na tone la mvua. Joto nalo huongeza kasi ya yote hayo. Unguja hupata mvua ya kiasi cha milimita 1,600 kwa mwaka na Pemba milimita 1,900 hivi, na sehemu kubwa ya mvua hiyo hunyesha katika masika, hasa mwezi wa Aprili. Wakati huo huo upepo wa kusi huanza kuvuma kutoka baharini, ukibeba ukungu wa chumvi hadi ndani ya vijiji vya Makunduchi, Jambiani, Paje na Bwejuu. Maji, chumvi na joto huwa vimekutana mahali pamoja.

Kutu ya namna hii haianzi pale macho yanapoona. Huanza ndani ya milango, chini ya mazulia, katika mashimo ya fremu, na juu ya magurudumu kwenye mikunjo ya bodi ambamo matope yaliyolowa hukaa wiki nzima. Rangi ya nje hubaki inang'aa hali ya kuwa ndani chuma kimekwisha kuwa unga. Wako wanaojifariji kwamba Land Rover haina hofu ya kutu kwa sababu bodi yake ni ya alumini. Wanasahau kwamba fremu inayoibeba bodi hiyo ni ya chuma. Tena, pale alumini inapogusana na chuma penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa kwanza.

Wenzetu wa Ulaya wanalijua jambo hili vizuri, ingawa hali ya hewa yao na yetu ni mbalimbali. Huko, majira ya baridi yanapoingia, barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke na magari yasiteleze. Chumvi hiyo, ikichanganyika na maji, hurushwa na magurudumu hadi katika kila pembe ya chini ya gari. Kwa sababu hiyo watu wengi wa Uingereza na Ujerumani wenye magari ya kale huyaingiza bandani mwezi wa Oktoba au Novemba, wasiyatoe hadi barabara zimeoshwa na mvua za Machi au Aprili. Wao chumvi huwafuata kwa miezi michache na kisha huondoka. Sisi bahari imetuzunguka mwaka mzima. Ikiwa wao wameona haja ya kujihadhari, haja yetu ni kubwa zaidi.

Sasa tuseme juu ya kuendesha. Ushauri wetu ni mfupi: mwenye gari la kale ambaye ana njia nyingine ya kusafiri asilitoe gari hilo katika mwezi wa Aprili na Mei. Hatusemi hivyo kwa kulionea huruma gari peke yake. Tunawahurumia pia watu wanaopita barabarani. Gari la zamani lilitengenezwa kwa mwendo na wingi wa magari wa zama zake. Breki za ngoma zikiingia maji hupoteza nguvu, na dereva aliyezoea magari ya leo hukanyaga akakuta gari linaendelea na safari. Baadhi ya Ford za miaka ya 1950 zilikuwa na wipa zinazoendeshwa kwa mvuto wa hewa wa injini badala ya umeme. Gari likipanda kilima, wipa huchoka wakati ule ule ambapo dereva anazihitaji. Volkswagen nyingi za kabla ya mwaka 1967 zilitumia umeme wa volti 6, na taa zake katika mvua ya usiku hazimtoshi mwenye kuona wala mwenye kuonwa. Mengi ya magari hayo hayakutoka kiwandani na mikanda ya usalama.

Zaidi ya hayo yako maji ya barabarani. Madereva wa Unguja hawajasahau jinsi maji yalivyokuwa yakituama Mwanakwerekwe na Kibonde Mzungu, wala mafuriko ya Mei 2017 yaliyoingia majumbani mwa watu. Maji ya dimbwi hayapimwi kwa macho. Injini ya petroli ya zamani hunyamaza mara tu distributa na waya za plagi zinapolowa, nalo gari huzimika katikati ya maji. Hilo ndilo dogo. Kubwa ni pale maji yanapovutwa kupitia njia ya hewa hadi ndani ya silinda. Hewa hushindiliwa, lakini maji hayashindiliki; pistoni ikipanda na kuyakuta maji, konrodi hupinda au kuvunjika, na injini ambayo vipuri vyake havitengenezwi tena huwa imekwisha.

Tunajua kwamba wako wananchi ambao gari la kale ndilo gari lao pekee, na hao hatuwezi kuwaambia wakae nyumbani. Kwao tunasema waendeshe polepole, waache nafasi kubwa kati yao na gari lililo mbele, na wasiingie katika maji yanayofika katikati ya gurudumu. Akishavuka dimbwi, dereva akanyage breki kidogo kidogo huku akitembea taratibu, ili ngoma zikauke kwa joto. Akifika nyumbani, aoshe chini ya gari kwa maji matamu, si kwa ya bahari wala ya kisima cha chumvi. Iwapo maji yalikuwa mengi, afungue na kutazama mafuta ya gia na ya difu. Yakiwa yamegeuka rangi na kuwa kama maziwa, maji yameingia, na mafuta hayo hayana budi kumwagwa siku hiyo hiyo.

Kuhusu kulihifadhi gari, kazi ianze kabla mawingu hayajatanda. Gari lioshwe vizuri, hasa chini, kisha lianikwe juani hadi likauke kabisa, milango ikiwa wazi na mazulia yakiwa yametolewa. Matundu madogo yaliyo chini ya milango yazibuliwe kwa kijiti, kwa sababu kiwanda kiliyaweka ili maji yatoke. Mahali palipochubuka rangi pasuguliwe na kupakwa. Mafuta ya injini yabadilishwe kabla ya gari kulala, wala si baada ya kuamka, kwani mafuta yaliyotumika yana tindikali inayokula chuma taratibu. Mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu wa hewani. Yasipobadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, silinda za breki hushika kutu kutoka ndani. Tangi la petroli la chuma lijazwe, ili pasibaki nafasi ya hewa yenye unyevu inayogeuka matone usiku. Kama gari litakaa miezi mingi, petroli iliyomo ndani ya kabureta itolewe, kwa sababu ikikaa hugeuka utomvu na kuziba njia zake nyembamba.

Betri itenganishwe na kuchajiwa mara moja kwa mwezi. Gari liinuliwe juu ya vigogo imara ili matairi yasibebe uzito mahali pamoja. Asiyekuwa na vigogo ayajaze upepo zaidi kidogo kuliko kawaida na kulisogeza gari kila wiki mbili. Breki ya mkono iachwe wazi, na magurudumu yawekewe kabari, kwa kuwa breki iliyofungwa miezi mitatu katika unyevu hushikana na ngoma yake. Mdomo wa ekzosi uzibwe kwa kitambaa ili panya asifanye makao. Mwenyewe aning'inize karatasi katika usukani ya kumkumbusha kitambaa hicho kabla ya kuwasha.

Je, banda liwe la namna gani? Hapa hatuhitaji kuiga Ulaya. Banda la makuti, lenye paa refu lililoshuka, sakafu ya kifusi iliyoinuliwa juu ya ardhi, na pande mbili zilizo wazi ili hewa ipite, hulifaa gari kuliko chumba cha saruji kilichofungwa dirisha na mlango. Chumba kama hicho hufungia unyevu ndani, na kutu hufanya kazi gizani bila kusumbuliwa. La kuangalia ni kwamba upande unaotazama kusi uzibwe, ili upepo wa chumvi usipige gari. Makuti yatiwe mapya kabla ya Machi, na moto wa jikoni uwe mbali.

Yako makosa matatu ambayo hufanywa kwa nia njema. La kwanza ni lile turubai la nailoni. Huzuia mvua isiingie, lakini pia huzuia mvuke wa ardhini usitoke. Asubuhi ukilifunua utakuta gari limelowa kama lililonyeshewa. Kitambaa cha pamba chini ya paa ni bora. La pili ni kuwasha injini dakika tano kila Jumapili. Injini isiyopata joto kamili hutengeneza maji ndani ya ekzosi na ndani ya mafuta, wala joto la kuyakausha halipatikani. Ama gari liendeshwe nusu saa siku ya jua, barabara ikiwa kavu, ama liachwe lilale. La tatu ni kupaka mafuta machafu ya injini chini ya gari. Ni kweli kwamba mafuta huzuia maji, lakini mafuta hayo yana tindikali tuliyoitaja, na hudondoka ardhini. Maji ya kunywa ya visiwa hivi yanatoka chini ya ardhi, katika mawe yenye matundu. Anayeliokoa gari lake asiharibu kisima cha jirani yake. Grisi safi au nta hufanya kazi hiyo kwa usalama.

Tumesema na wenye magari. Sasa tunapenda kusema na wakuu wa serikali wanaohusika na vyombo vya moto, mapato na mambo ya kale.

Binadamu huongozwa sana na mfuko wake. Utaratibu wowote unaomtaka mtu alipe ada na bima ya mwaka mzima kwa gari ambalo kwa busara linatakiwa likae bandani miezi kadhaa, humfanya aone kwamba kulilaza ni hasara. Atalitoa mvuani ili ale haki ya fedha yake. Ujerumani waliliona hilo, na tangu mwaka 1997 wanatoa namba ya gari ya msimu. Miezi ya matumizi huandikwa juu ya kibao chenyewe, kwa mfano kuanzia mwezi wa nne hadi wa kumi. Mwenye gari hulipa kodi na bima kwa miezi hiyo, na nje ya miezi hiyo gari haliruhusiwi barabarani. Askari yeyote hutambua kwa kukitazama kibao. Mwaka huo huo nchi hiyo ilianzisha pia namba ya pekee kwa magari ya kale yaliyotimiza miaka 30. Uingereza nayo, tangu mwaka 1998, ina utaratibu wa kutoa taarifa kwamba gari halitatumika barabarani, na anayetoa taarifa hiyo halipi kodi ya gari kwa muda huo. Magari yaliyopita miaka 40 yamesamehewa kodi hiyo, ingawa mwenyewe bado anatakiwa kuliandikisha na kuhakikisha kwamba ni salama.

Hatusemi tunakili kila neno. Tunasema kwamba wazo la leseni ya msimu lingefaa hapa kwetu. Gari la kale lipewe miezi ya kiangazi, yaani Disemba hadi Februari, na miezi ya kipupwe kuanzia Juni, wakati barabara ni kavu, jua si kali, na visiwa vina wageni wengi. Katika masika lilale kisheria. Serikali itapata ada ambayo kwa sasa haiipati kutoka kwa magari yaliyotelekezwa, na askari wa usalama barabarani watapunguziwa magari yenye breki dhaifu katika miezi ya hatari.

Jambo la pili ni magari ya mbao. Hakuna mtu mzima visiwani ambaye hakupata kulipanda moja, akaingia kwa nyuma, akakaa kwenye benchi ameelekeana na abiria mwenzake, na juu ya paa vikapu vya ndizi na magunia ya makaa. Magari hayo yamepungua mno. Yanaondoka kwa sababu zinazoeleweka: abiria wanataka raha na usalama zaidi, na nchi haiwezi kusimama mahali pamoja. Hatuwaombi wakuu wayarudishe barabarani. Tunaomba yasiishie yote katika mizani ya mnunuzi wa chuma chakavu, yakipimwa kwa kilo.

Kisiwa cha Malta kilikuwa na mabasi yake ya manjano, ambayo mengi yalijengewa bodi na mafundi wa kisiwani juu ya fremu za Bedford, Leyland na nyinginezo kutoka Uingereza, na mengi yakimilikiwa na madereva wenyewe. Mwezi wa Julai 2011 yaliondolewa katika huduma kwa mara moja. Wengi waliyalalamikia kwa moshi na uchakavu yalipokuwapo, na wengi hao hao wakayakumbuka yalipoondoka. Kuba, kisiwa kingine, kilinyimwa biashara na Marekani tangu miaka ya mwanzo ya 1960, na mafundi wake wakalazimika kuyaweka hai magari ya miaka ya 1950 kwa vipuri vya kuchonga na kubuni, huku mawimbi yakiyarushia chumvi katika barabara ya pwani ya Havana. Leo magari hayo yanawalisha wenyewe kwa kuwatembeza wageni. Kilichoyaokoa ni maarifa ya fundi, wala si utajiri wa nchi.

Na hapo ndipo penye jambo la tatu, ambalo kwetu ni zito kuliko yote. Fundi anayejua kurekebisha platini kwa kusikiliza injini, kunyoosha bodi kwa nyundo badala ya kubadilisha kipande kizima, na kuunga mbao za gari ili maji yasikae katika viungo, amekuwa mtu mzima. Wanafunzi wake wamekwenda kwenye kazi nyingine. Gari likioza bandani, twaweza siku moja kupata jingine la aina hiyo kutoka nchi nyingine. Maarifa ya fundi yakizikwa pamoja naye, hayaagizwi kwa meli. Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia na vituo vyetu vya mafunzo ya amali vingeweza kuwaalika wazee hao kufundisha, hata kama ni kwa wiki chache kila mwaka kabla ya masika. Kijana atakayejifunza kuzuia kutu katika gari la mwaka 1960 atajua pia kuizuia katika gari la wagonjwa na katika boti ya abiria.

Tunatarajia kuulizwa: kwa nini gazeti liwashughulishe viongozi kwa magari ya watu wachache, wakati wananchi wanahitaji maji, dawa na madarasa? Swali ni la haki, na jibu letu ni kwamba hatuombi shilingi iliyotengewa dawa. Tunaomba utaratibu. Tena si kweli kwamba magari haya ni ya matajiri. Tajiri hununua gari jipya. Gari la kale mara nyingi ni la mwalimu mstaafu, la mjane aliyeachiwa na mumewe, au la familia ya shamba iliyolitegemea lori la mbao kwa riziki. Watu hao hawaombi kupewa, wanahitaji kutokatishwa tamaa.

Tunao pia mfano wa kutuonya. Mwaka 1905 Unguja ilikuwa na treni iliyokwenda kutoka mjini hadi Bububu, na huduma hiyo ikafikia mwisho wake katika miaka ya 1920. Mtoto wa leo akiuliza ilikuwaje, tunampa picha. Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, lilituliza sote tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake ilipoporomoka wakati wa matengenezo na kuua watu. Kitu cha kale hudai uangalizi kidogo kidogo kila msimu. Kikinyimwa, hudai siku moja gharama yote kwa pamoja, na pengine tusiwe nayo.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo manne. Kwanza, iandaliwe orodha ya magari ya kale ya Unguja na Pemba, yakiwamo yale ya mbao na yale yaliyolala katika karakana na maghala ya serikali. Pili, gari lolote la serikali lililotimiza miaka 30 lisiuzwe kuwa chuma chakavu kabla ya wataalamu wa mambo ya kale kulitazama. Tatu, ifikiriwe leseni na bima ya msimu kwa magari hayo, pamoja na ukaguzi wa breki, taa na usukani kabla ya kuruhusiwa kutoka. Nne, kila wilaya itenge mahali palipoinuka na pakavu ambapo wenye magari wasiokuwa na mabanda wataweza kujenga banda la pamoja la makuti na kulipia ulinzi wake wenyewe.

Wenye magari nao wasikae wakingoja. Orodha yaweza kuchukua muda, na sheria hupita katika ngazi zake. Kuosha chini ya gari, kuzibua matundu ya milango na kuondoa turubai la nailoni hakuhitaji idhini ya ofisi yoyote. Mwenye mashua hasubiri mawimbi yaingie ndani ndipo atafute pamba ya kukalafati. Naye mwenye gari la kale afanye vivyo hivyo, kabla kusi halijaanza kuvuma.